Hesabu ya Stoo

Miaka kumi na saba nahesabu mali ya watu,
stoo ya vitenge, Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Sikukuu.
Marobota yakifika hatufungui yote:
tunafungua moja, tunahesabu doti,
tunapima chumba kwa futi, tunazidisha.
Bosi huyaita makisio.
Mimi nayaita usingizi wangu wa leo.

Kwa hiyo Daktari Rweyongeza aliponiita
hakuhitaji kunichorea.
"Siku ile tulipoitoa figo," akasema,
"tulichukua kinyama chembamba kama uzi wa cherehani.
Ndani yake machujio kumi na tisa.
Mawili yamekauka."
Picha ya mashine ikampa ukubwa wa chumba.
Akazidisha.
Laki nane na ushee,
kila moja dogo kuliko chembe ya chumvi.

Nikakiona kifumbu cha mama, Mbagala,
ukili umelegea, tui linapita na machicha,
na mama anakikung'uta, hasemi kitu.

"Yakiisha, mengine yanaagizwa wapi?"
"Hayaagizwi. Ulizaliwa nayo yote.
Stoo hii haipokei mzigo mpya."

Jana kutwa na usiku kucha nilikusanya mkojo wangu
katika dumu la lita tano, jina langu kwenye plasta.
Wa kwanza niliumwaga, kama walivyoagiza,
wa mwisho nikautia alfajiri ya leo.
Dumu ndani ya ndoo ya barafu, uvunguni.
Mtoto wa mpangaji akauliza kama ni juisi ya ukwaju.
Nikamwambia ni hesabu.

Nilitarajia nusu.
Ukitoa moja katika mbili, inabaki nusu,
hata darasa la pili wanajua.
Daktari akageuza karatasi:
sehemu saba kwa kumi.
"Yaliyobaki yametanuka. Yanashika zamu mbili."
Hayakuambiwa na mtu. Hayadai posho.

Nje, kwenye benchi, mdogo wangu Mwinjuma,
miaka miwili hakuwa na haja ya choo,
ananitupia mkoba, chupa ya maji, na kiatu kimoja,
"Shika, dada, shika, imenibana!"
Na machujio yangu laki nane yanakimbia naye
kupita foleni ya dawa.

Kwenye daftari ningeandika: yametoka.
Kalamu ninayo.
Nautazama mlango wa choo.