Bado Baridi

Rafuni mwa Tsendee kulikuwa na makopo matatu
na jiko linalokohoa kuliko mwenye duka.
La kwanza ishirini-hamsini, zito, bei ya kutupa.
"Baba yako ametumia hili tangu wewe unatambaa."
Ndiyo, Tsendee, na kila Januari
hulitia sufuriani, akalipasha moto kando ya chai,
mama akanung'unika chai inanuka gereji.

La pili ni la magari. Jepesi, lina picha ya gari jekundu
ambalo hapa Uvs halijawahi kukanyaga.
Nililijaribu mwaka juzi. Injini iliwaka vizuri,
klachi ndiyo ikaniteleza: natia gia, napandisha moto,
pikipiki inafoka pale pale
kama mlevi anayetishia kupigana.
Mbuzi wakanipita.

La tatu, tano-arobaini, la pikipiki hasa:
ngozi mbili za kondoo na nusu.
"Hiyo nusu utaikata wapi?"
Nikamwachia glavu zangu.

Usiku nililala nalo chini ya blanketi, kama mtoto mwenye homa.
Alfajiri, digrii thelathini na nne chini ya sifuri.
Chuma kinang'ata kidole na hakiachii.
Nikainamisha kopo:
ikamiminika, uzi mwembamba wa kahawia,
bila kusita, bila kubembelezwa.

Baba akatoka hemani na sepetu,
makaa ya samadi yakipumua mwekundu juu yake.
Akayasukuma chini ya injini. Hakusema.
Hatujasemezana tangu nilipotia saini kazi ya mgodini,
siku tisa kwa barabara, kama barabara ipo.

Nikavuta choki. Kiki ya kwanza, kikohozi.
Ya pili, moshi.
Ya tatu ikashika, ikitetemeka yote,
taa, kioo, begi langu lililofungwa kwa kamba ya ngamia.
Mkono wangu ukaenda kwenye mafuta.

"Usiikoroge."
Lilikuwa neno lake la kwanza.
"Oili bado iko chini. Juu huko vyuma vinasagana vikavu.
Iache ipande yenyewe."

Kwa oili hii dakika mbili zinatosha,
nimesoma mgongoni mwa kopo.
Sikumwambia.
Ya tatu ikapita. Ya tano.
Nikarudisha choki; mngurumo ukashuka, ukatulia,
sauti ya paka aliyeshiba.
Theluji juu ya tangi ikageuka maji,
maji yakachuruzika hadi kwenye bomba la moshi,
yakalia tsss.

Baba akavua glavu yake ya kulia,
akaweka kiganja kwenye mapezi ya silinda.
Nikaona anavyokaza taya.
Nikaona ngozi inavyobadilika rangi.

"Bado baridi," akasema.

Nikaketi juu ya begi langu,
nikangoja.