Herufi Iliyokosa Kisanduku

Siku ya kwanza kazini nilibaki ndani ya treni
mwisho kabisa wa reli, taa zikizimwa behewa kwa behewa,
nikingoja kituo nilichokwisha kufika.
Karatasi yangu iliandikwa Milngavie.
Spika ilikuwa imetangaza Mulgai.
Mfagiaji akanigongea kioo:
"Mama, mbele hakuna kitu."

Tangu hapo siyaamini maneno ya huku
mpaka yafungue kinywa.
Kisu chao kina k mbele, kama kisu chetu,
ila k yao haitoki alani.
Deni lao lina b
iliyopachikwa na wasomi walioona wivu kwa Kilatini;
haikukopwa, haitamkwi,
na mtoto akiisahau anakatwa maksi.
Sukari yao na yetu zimetoka nyumba moja,
lakini wao huiandika kwa s
na kuikoroga kwa sh.

Nipo mapokezi, kliniki ya macho.
Kazi yangu kuita majina.
Jumanne moja ya Novemba, mvua ya rasharasha,
nikaita: "Alasdair Menzies!"
kwa z kamili, z ya zabibu.
Hakuinuka mtu.
Nikaita tena. Mzee mwenye koti la mpira
akageuka kutazama nyuma yake,
pengine huyo Menzies amekaa huko.

"Ni mimi," akasema, aliponihurumia.
"Lakini hiyo z si z."

Miaka arobaini alipanga herufi za risasi
katika kiwanda cha gazeti, Glasgow.
Akachora kwa kidole juu ya meza yangu
kitu kama tatu iliyoshusha mkia.
Hii, akasema, ilikuwa herufi, ina sauti yake na watu wake.
Kisha mitambo ya chapa ikaja kutoka ng'ambo
na visanduku vyake vya herufi,
na humo yeye hakutengewa kisanduku.
Wapiga chapa wakaokota z,
maana kwa mgongo wanafanana.

"Basi jina lako linasomwaje?"

"Ming'is."

Kalamu ikanisimama mkononi.
Maana ng' hiyo naijua.
Ni ya ng'ombe, ya kung'oa jino,
ni ya ukoo wangu, Mwang'onda,
ambao kompyuta ya hapa iliukwanyua ritifaa
(alama hairuhusiwi, iliniambia kwa wino mwekundu)
na beji ikatoka Mwangonda,
mwanamke nisiyemfahamu
anayepokea mshahara wangu.

Nikamwonyesha beji. Nikamtamkia.
Akalisema mara moja bila kujikwaa,
akanyamaza kidogo,
akalisema tena, kwa raha zake tu.

Ndani, akashindwa mstari wa nne wa ubao.
"Herufi anaiona vizuri," daktari akaninong'oneza baadaye,
"ila ni z. Amekataa kuitaja."

Januari akarudi na kibiriti kikuukuu.
Ndani yake, juu ya pamba, kijiti cha risasi
urefu wa pingili ya kidole,
na kileleni ritifaa moja,
ndogo kuliko punje ya ulezi, imepinda upande usio wake
kama ilivyo herufi yoyote kabla ya karatasi.
Hakusema hotuba. Aliuliza tu
kama kidau cha muhuri kina wino.

Kompyuta bado inaandika Mwangonda.
Beji naigonga mwenyewe, kati ya g na o,
mkono ukitetemeka kidogo, wino ukivuja pembeni.
Dawa ya kunawia mikono huifuta kufikia Alhamisi.
Jumatatu naigonga tena.