Mwenye Kiwanja Ana Pengo

Afisa ardhi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai,
akaniuliza mara ya tatu jina la mnunuzi.
Tusekile, nikasema. Tusekile Anyosisye Mwaipaja.
"Yuko wapi?"
Nikamwonyesha kwa kidevu:
pale kwenye benchi, miguu haifiki sakafuni,
anasukuma kwa ulimi jino linalocheza.

Nje, mvua ya Tukuyu, isiyo na mwanzo wala mwisho,
iliulalia mlima Rungwe kama kuku aliyeatamia.

Mimi ni wa Karonga. Ng'ambo ya Songwe
ndizi ni zile zile, matusi ni yale yale,
bibi yangu akisema *ndaga*, huku wanaitikia.
Lakini mto ulipewa kazi
na watu ambao hawakuwahi kuuvuka kwa miguu,
na kazi yenyewe ndiyo hii:
nafundisha hesabu kwa kibali,
miaka miwili, muhuri,
miaka miwili, muhuri.
"Mgeni hamiliki ardhi, mwalimu,"
alisema kwa upole, kama anayemtajia mgonjwa dozi.
"Mtoto ni raia, yeye sawa. Ila mtoto hasaini."
"Nani anasaini?"
"Msimamizi. Raia. Mtu mzima."

Ndipo akaingia shemeji yangu Ambakisye
na koti lile lile la siku tuliyomzika kaka yake.
Kalamu aliishika kama jembe la kuazima.
Sikumtilia shaka.

Nilimtilia shaka. Usiku wa kuamkia siku ile
nilihesabu ng'ombe wake, madeni yake, wake zake,
nikatunga swali la darasa la saba:
*ikiwa mmoja ana fedha na mwingine ana kalamu,
tafuta mwenye nyumba.*
Sikupata jibu. Nikapiga pasi sare ya mtoto.

"Na mimi niandike wapi?"
Afisa akapekua fomu, karatasi kwa karatasi,
kwa moyo safi kabisa, alitaka kunisaidia,
hata akanipatia mstari mmoja chini kabisa:
*Shahidi.*
Miaka saba ya tuisheni,
gunia kwa gunia la mpunga wa mama yangu,
rambirambi nilizokataa kuzila:
shahidi.
Nikaandika Lusungu Mwakasungula, kwa mwandiko wa ubaoni.

Tulikwenda kukiona, sisi wawili.
Viazi vya aliyetuuzia havijavunwa bado,
bikoni nne zimezama kwenye matope mekundu.
"Hiki changu?"
"Chako."
"Na siafu?"
"Nao."
"Na wewe?"
Nikachelewa.
"Mimi nimepanga."
Akawaza, ulimi kwenye jino.
"Basi kodi utanilipa maandazi."

Ana miaka sita. Bado kumi na miwili,
yaani vibali sita, nikijaliwa vyote.
Siku hiyo anaweza kukiuza anunue pikipiki,
anaweza kumpa mwanamume mwenye maneno matamu,
anaweza kunionyesha njia ya Kasumulu.
Mpini nimempa mwenyewe, nikabaki na makali.
Hata hivyo nimeagiza miche kumi na minne ya parachichi.
Mti hauulizi uraia, nilitaka kusema,
lakini huo ni uongo wa walimu; mti ni wa mwenye hati.

Jino lilitoka hapo hapo, kwenye kipande cha muwa.
Akacheka, damu kidogo, pengo jipya.
Kwetu na kwao jino hurushwa juu ya paa.
Akazunguka na macho: viazi, ukungu, kamba ya mpimaji.
"Mama, kwa baba mkubwa kuna paa."
"Hapana," nikasema,
haraka kuliko nilivyokusudia.

Nikalifunga kwenye risiti ya malipo
nikalitia mfukoni, lingoje mabati.
Tulipofika nyumbani karatasi ilikuwa imeloa,
na wino wa jina lake
umeng'ang'ania jino.