Daftari la Saio

Mshahara umefika tarehe kumi na tisa,
umepungua, kama kawaida, bila barua.
Nimefungua daftari la Ntakwinja kwa nyuma,
asikofika na hesabu zake za shule.

Makala. Unga wa muhogo. Deni la Mama Cito,
linalokua hata tukilala.
Salio la simu: linaisha
kabla Bahizire hajasema amekula nini huko mbele.

Kisha mstari mmoja usio na jina.
Faranga elfu tano kila mwezi, miaka minne,
zimefungwa kwenye pindo la kitenge
ndani ya sufuria iliyotoboka.
Ni mimi tu ninayejua ni za nini:
gari la kumleta,
mbao, misumari,
kahawa ya watakaokesha.

Leo nimezihesabu mara mbili.
Zinatosha mabeseni mawili ya sambaza,
na chumvi. Bati la kuanikia tunalo.

Bahizire, unisamehe,
nilikuwa nakuwekea akiba ya kufa.
Kesho alfajiri nashuka ziwani nayo.
Ukirudi kwa miguu yako
utanikuta nanuka samaki,
na Mama Cito akinisalimia
bila kutazama daftari lake.