Mikono Minane

Leo Kidato cha Tatu tumefika mwaka elfu moja mia nane sitini.
Nje, Ilula inapakia nyanya, matenga yamepangwa kando ya lami,
upepo wa Julai unapenya kioo kilichovunjika
na chaki inanitoroka vidoleni kwa baridi.

Naandika: *Uchaguzi. Wagombea wanne.*
Nachora Marekani, mbaya kama kiazi,
naikata kwa mstari. Huku mashamba ya pamba. Huku viwanda.
Swali lilikuwa moja, ingawa walilivisha mashati mengi:
je, soko la watu lifunguliwe hata kwenye ardhi mpya?
Kusini, majimbo kumi, jina la aliyeshinda
halikuwamo hata kwenye karatasi za kura.
Alishinda.
Kabla hajaapishwa, majimbo saba yalishafunga virago
na mengine yakaandika sababu kwa wino, bila haya.
Aprili ikaja na mizinga.

"Mwalimu," anasema Lugano wa dawati la nyuma,
ambaye baba yake alihama Tukuyu kufuata vitunguu,
"walipigana kwao. Sisi linatuhusu nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Natoa mkobani
kitambaa cha bibi mzaa bibi,
kimegeuka rangi ya chai ya maziwa.
Merikani, nawaambia. Lisikilizeni jina lenyewe.
Mtumwa aliichuma pamba Kusini,
Kaskazini ile ile ikaifuma, ikahesabu faida,
ikavuka bahari mbili, ikapanda milima hii
kichwani mwa mpagazi,
ikaja kununua mtumwa mwingine.
Nasi tuliipima kwa mkono,
kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.
Binti mmoja: mikono minane.

Kisha vita vikafunga bandari zao.
Pamba ikaozea ghalani, bei ikaruka Unguja,
uhaba wa nguo ukatufikia huku juu
wala hapakuwa na mtu aliyejua
nani kampigia nani kura.

Hapo ndipo ninapomwingiza Semduda,
kama tunavyomsimulia kwenye kila msiba na kila harusi.
Mwaka wa njaa, mjomba wake akampeleka kambi ya msafara.
Akamchukua na Mdendemi, mwenye mkono mrefu kuliko wote,
awe mpimaji.
Mwenye msafara akakunjua minne, akaacha.
Nguo imeadimika, akasema.
Mjomba akatema mate. Minne? Mtoto wa ukoo wetu?
Akamkamata binti mkono, wakarudi nyumbani.

"Si kwamba alimhurumia, wanangu. Alikasirika kupunjwa.
Hasira hiyo ndiyo iliyonizaa."

Darasa linacheka. Nami nacheka,
mwaka wa kumi na moja nacheka pale pale.

Lugano hacheki. Anakuja mbele, anaomba kitambaa,
anakilaza mezani taratibu kama kinaumwa.
Anaweka kiwiko. Moja.
Mbili. Tatu.
Ya nne inaishia kwenye pindo.

"Mwalimu, kama mlikataa,
hiki kimetoka wapi?"

Nje mtu anahesabu matenga kwa sauti,
anakosea, anaanza upya.
Nageukia ubao, nafuta. Ramani inakubali kuondoka.
Mstari wa katikati, nilioukandamiza mno, umebaki.

Bibi alipokuwa akikikunja kitambaa hiki
alikuwa akitaja majina mawili.
La Semduda kwa sauti,
la pili ndani ya pumzi; nikadhani ni sala,
na watoto wa nyumba yetu hawakuulizia sala za wakubwa.
Sasa nalitafuta, nimewapa mgongo wanafunzi arobaini na wawili,
vumbi la chaki kooni.
Nakumbuka mwanzo wake tu: *Se...*

Wanawake wetu wote huanza hivyo.