Kopo na Chano

Nna duka dogo, Wete,
la dawa za watu wote.
Una homa? Pesa lete,
dawa imo kabatini.

Papo mbele ya baraza
Bi Mize huyatandaza
machungwa anayouza,
ya shamba lake Limbani.

Humenya kwa kisu butu,
ganda hushuka moja tu,
refu, mfano wa chatu,
likalala miguuni.

Msimu ukiingia,
moja kwa shilingi mia,
kapu zima husalia
likaozea uani.

Jioni hufunga vyake,
hufungua leso yake,
noti zenye jasho lake
hunitia mkononi:

"Nipe zile za kufoka,
za C; mafua yafika.
Siti kamasi zashuka
mpaka mwake kinywani."

Kopo ni machungwa mia.
Kichwani nimepigia
hesabu, nikatulia,
pesa zingali ngumini.

Na picha, juu ya kopo:
chungwa la njano li papo,
limekatwa, maji yapo
yanadondoka pembeni.

Latoka ng'ambo. Nasoma
herufi ndogo za nyuma:
ladha imetiwa, njema;
chungwa lenyewe, sioni.

Nikamwambia: "Bi Mize,
neno moja nidokeze:
C hii usiikweze,
nawe unayo chanoni.

Mafua haizuii.
Yakija, hayakawii
kuondoka; siapii,
siku moja, hesabuni.

Na ukizidisha, mwili
hauna ghala la pili:
noti zako zote mbili
wazikojoa chooni."

"Basi," akasema, "bwana,
kama yote wayaona,
mbona wazipanga sana
safu ya mbele, machoni?

Chungwa kwangu ndo mchele
wa kesho; huwaje nile
mtaji, kama muwele
wa tamaa ya tumboni?

Siti chungwa halitaki,
kalizoea, hacheki.
Kidonge kikihamaki
hucheka, yu mapajani.

Hunywa maji, bilauri
nzima, bila ya kiburi,
akalala kwa uzuri.
Hilo mbona hulioni?"

Sikuwa na la kujibu;
nikampa bila tabu
kopo, na yeye, ajabu,
kanitupia mezani

chungwa alilolimenya,
la kufyonza na kufinya:
"Ule, acha kudanganya.
Wakohoa tangu lini?"

Nikafyonza. Mbegu tatu
juu ya hesabu zetu.
Chafya bado. Sina kitu
cha kuweka kitabuni.