Tangu Mvua za Kwanza

Siku tatu kabla ya kliniki mimi huwa mtakatifu.
Chai kavu. Muhogo kiganja kimoja, mboga tele.
Natembea kwa mguu hadi Ediofe na kurudi,
majirani wanaulizana: Mzee Onzima anamkimbia nani?

Kidole kikidungwa, tone likinywewa na kijikaratasi,
namba hutoka nzuri,
nami hutoka kifua mbele.

Safari hii Sista Candiru hakutaka kidole.
Alifunga mpira juu ya kiwiko, akavuta damu ya mshipa,
akaandika jina langu kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau.
"Hiki hakiulizi ulikula nini jana," akasema.
"Kinauliza tangu mvua za kwanza."

Tangu mvua za kwanza!
Basi imo arusi ya Drateru na soda zake nne.
Yamo matanga ya kaka, chai ya usiku kucha,
vijiko nilivyokoroga gizani nisivihesabu.
Imo na ile wiki
niliyonyamaza.

Kumbe sukari hugandamana na damu
kama masizi na sufuria:
ukisugua asubuhi moja tu
chini bado peusi.

Alhamisi, majibu. Tisa nukta nne.
Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakanikauka.
Sista hakunigombeza. Alisogeza kiti,
akafunga mlango kwa kisigino.

"Mwezi wa tano dirisha letu la dawa lilikuwa tupu,"
akasema.
"Wewe ulifanyaje?"